Nani Anamlisha Meneja

Jumamosi, 3 Mei

Nimetoka kwa daktari wa mifugo na hasira mpaka kwenye nywele. Meneja ni mnene. Siyo unene wa kupendeza — unene wa ugonjwa. Daktari amemweka mezani, akamminya kutafuta mbavu, hakuzipata. Akaniuliza paka anakula nini. Nikaanza kumweleza: asubuhi hiki, jioni kile. Akanikatiza.

"Dada, nimeuliza anakula nini. Sijauliza wewe unampa nini."

Nyumbani kwetu kila mtu ana mkono wa kumlisha.

Sukari inamnyemelea, ndivyo alivyosema. Ndiyo maana anakunywa maji vile na kukojoa kutwa. Tukirekebisha chakula sasa huenda akapona bila sindano. Tukichelewa ni sindano kila siku. Paka ni mla nyama, basi ale nyama. Chakula cha kopo cha paka ndiyo msingi, kile chenye nyama nyingi, siyo punje kavu nilizokuwa namwaga kwenye bakuli tangu asubuhi mpaka jioni. Kuku wa kuchemsha juu yake, bila chumvi. Ini kidogo sana, likizidi linamdhuru. Wali hapana, mkate hapana. Maziwa hapana — na mimi nilidhani paka na maziwa ni ndugu! Vitunguu ni sumu kabisa, hata vilivyoivia kwenye mchuzi, vinaharibu damu yake. Tena nisimlaze njaa kwa pupa ya kumkondesha, maana paka mnene akikaa bila kula, ini lake linagoma. Punguza wanga, akamalizia. Wanga naujua, kazini natia kwenye kola za mashati. Sikujua kwamba unaua paka.

Meneja alikuwa wa Mama. Mama ndiye aliyempa jina, kwa sababu hafanyi kazi yoyote na anakagua kila kitu. Siku zake za mwisho hospitali alinishika mkono, akasema, Meneja usimwachie mtu. Basi sijamwachia mtu.

Nyumbani nimewasomea maagizo Kaka na Wifi. Kaka akaitikia sawa, macho kwenye simu. Wifi, mkewe, akacheka. Akasema kwao paka alikula panya na akashukuru. Nimemtazama akicheka na nimejua. Mwizi ninaye humu humu.

Jumapili, 4 Mei

Zamu yangu ya jiko. Mimi na Wifi tunapika kwa kupokezana, leo mimi kesho yeye, tangu siku ile tulipogombania sufuria na Kaka akaingia kati kama refa. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na majike pia hawakai.

Nimemwekea Meneja bakuli lake — nusu kopo, kuku juu. Amenusa. Amenitazama. Ameondoka kwa mwendo wake wa ofisini. Hana njaa! Siku ya pili ya mlo mpya na hana njaa! Paka mwingine angelia mpaka majirani waje kuuliza kulikoni. Huyu amekwenda kulala kitandani kwa Baba.

Nimepika nyama na viazi. Baba amemaliza sahani yote. Siku hizi anakula chumbani kwake, anasema televisheni ya Kaka inampigia kelele, na tangu Mama aondoke haitaki ile meza ya sebuleni. Wifi humpelekea, mimi hukusanya vyombo. Sahani imerudi nyeupe, hata mchuzi haupo. Jana, zamu ya Wifi, ilirudi nusu. Leo nimeinyanyua juu kwenye taa makusudi ili aione. Chakula cha mtu kinajieleza chenyewe. Wifi alisonya.

Jumatatu, 5 Mei

Nimempeleka Meneja kazini, ndani ya kikapu, chini ya mashuka. Kwetu kufua ni kwa kilo, hoteli zinalipa kwa kilo, kwa hiyo mizani ipo, ile kubwa ya kuning'iniza. Nimemtia kwenye foronya, kichwa nje, nikamtundika. Wenzangu wa pasi wameangua kicheko mpaka mmoja akaunguza shati. Msimamizi akaingia. Akauliza hicho ni kitu gani. Nikamjibu, ni Meneja. Akadhani namtukana mkubwa wake. Nimepewa onyo.

Nikapitia dukani, nikanunua mizani ya bafuni. Daktari alinifundisha: paka hakubali kusimama juu ya mizani, basi mbebe, panda naye, soma, kisha panda peke yako, toa. Nimepimia chumbani, mlango nimefunga. Wifi amesikia nikipanda na kushuka, akauliza kupitia ukutani kama najiandaa kuolewa tena. Ulimi wa mwanamke yule hauna breki.

Jumatano, 7 Mei

Meneja ametapika. Koridoni, mbele ya mlango wa Baba. Nimechuchumaa nikachunguza — ndiyo, nimefikia hapo. Nyama nyekundu. Mimi sijampa nyama nyekundu! Na vitunguu, vipande kabisa, vimelainika, vya sufuria yangu ya jana. Sumu.

Chakula cha Wifi hakimtapishi Meneja. Anatapika changu. Kwa hiyo siyo uzembe, ni hila. Mtu anachota kwenye sufuria yangu, anampa paka wangu, halafu ionekane mkono wangu ndio unaoua. Nimemfuata akiwa anaanika nguo. Nikamuuliza nani amemlisha paka. Akajibu, "Muulize paka."

Kaka nimemweleza. Kaka ni bendera fuata upepo: mbele yangu aliguna kwa masikitiko, dakika mbili baadaye namsikia chumbani kwao anacheka.

Ijumaa, 9 Mei

Nimefua nguo za Baba. Za Baba sizipeleki kazini, nafua kwa mkono, nyumbani. Suruali ya kijivu inamvuka. Kitambaa cha aina ile kikifuliwa sana kinaachia, nakijua, kimepita mikononi mwangu mwaka hadi mwaka. Nimebana kiuno kwa sindano, kama nilivyobana ile ya kahawia. Vitambaa vyake vya mkononi vimejaa mafuta ya mchuzi, madoa yenyewe ya kulowekwa na sabuni ya kipande usiku kucha. Mtu akishiba anafuta mdomo. Nimefurahi hata kuvisugua.

Wifi amepika supu nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe. Sahani ya Baba imerudi bila kuliwa hata nusu. Bakuli, tuseme. Supu katika bakuli! Mzee wa watu anapewa maji.

Jumamosi, 10 Mei

Nimetia kufuli kabati la jikoni. Kufuli moja, ufunguo mmoja, shingoni kwangu. Jokofu halifungiki, kwa hiyo nyama iliyopikwa nimeihamishia kabatini ndani ya beseni la barafu.

Wifi ametaka chumvi. Nimempimia chumvi. Hapo ndipo moto ulipowaka. Amesema nimemgeuza mfungwa ndani ya nyumba ya mume wake. Nimemkumbusha kwamba kabla ya kuwa nyumba ya mume wake ilikuwa nyumba ya baba yangu, na baba yangu bado anapumua kule nyuma. Akaitua chumvi mezani, akatazama kule nyuma. Nilidhani nimemshinda.

Kisha akasema polepole, "Wifi, mimi simlishi paka wako. Hii ni mara ya mwisho nasema. Na hizo sahani unazojisifia, siku moja zitazame vizuri."

Nizitazame nini? Ni nyeupe! Wivu huo. Roho ya korosho, kama korosho yenyewe, mbegu imekaa nje.

Kaka alitoka kwenda kununua vocha, akachelewa kurudi mpaka tulipochoka.

Jumatatu, 12 Mei

Nimepima. Ameongezeka!

Kopo la bei mbaya, kuku bila ngozi, bakuli analigusa nusu — na ameongezeka. Nimerudia mara tatu, mwishowe Meneja akanikwaruza shavu. Kufuli halijavunjwa. Ufunguo ulikuwa shingoni. Kwa hiyo chakula hakitoki kwenye sufuria. Kinatoka baada ya kupakuliwa. Kinatoka kwenye sahani ya mtu.

Ya nani? Kazini hatujiulizi hivyo. Mashati meupe mia yanaingia kwenye mashine moja, yanatoka mia, na kila moja linajua kwake, kwa sababu ndani ya kola kuna uzi wa rangi. Mwekundu wa fulani, kijani wa fulani. Mteja anaweza kuapa mpaka ulimi ukauke kwamba lile siyo lake. Nafunua kola, namwonyesha uzi, tunamalizana.

Nitawatia uzi.

Jumatano, 14 Mei

Nyama moja, sufuria moja, sahani tatu. Ya Wifi nimechanganya karoti za vipande vidogo. Ya Kaka, njegere. Ya Baba nimeweka punje za mahindi, ili tu kila mtu awe na chake na Wifi asishtuke. Yangu tupu. Nimesema ni mapishi mapya nimeyaona kwenye simu. Kaka amesifu. Wifi amezitazama karoti zake, kisha sahani ya Baba, kisha mimi. Ana akili yule, simnyimi haki yake. Akachukua sahani ya Baba akampelekea kama kawaida.

Nimelala na furaha. Kesho mchana nitakuwa na karoti mkononi.

Alhamisi, 15 Mei

Mahindi.

Ametapika chini ya kochi. Mahindi, nyama, vitunguu. Hakuna karoti hata moja.

Nimekaa sakafuni nikifikiri. Nani anapeleka sahani ya Baba? Wifi. Hapo kati ya jiko na chumba cha nyuma kuna korido, na koridoni hakuna jicho. Anamega kwenye sahani ya mzee! Anampunguzia baba yangu, mgonjwa wa majonzi, anamtupia paka, ili aniumize mimi kwa mawili. Mtu wa hivyo nimekuwa nikimsalimia asubuhi.

Nimemwambia kuanzia kesho sahani ya Baba naipeleka mwenyewe. Nilitegemea abishe. Akasema, "Peleka. Tena ukae naye mpaka amalize."

Sitaki kuelekezwa na mwizi.

Ijumaa, 16 Mei

Nimepeleka mwenyewe. Mahindi tena. Baba alikuwa kitandani, Meneja ubavuni kwake. Amenishukuru, amesema kinanukia vizuri, niweke pale kwenye stuli, kipoe kidogo. Nikamwambia nitakaa. Akasema, nenda mwanangu, nawe ukale, umesimama kutwa. Sikutaka kumbana mzee na tonge lake. Nimetoka, nimerudisha mlango, nikaweka kiti koridoni, nikakaa hapo na sahani yangu mapajani kama mlinzi wa benki. Wifi hajapita. Kaka hajapita. Hajaingia mtu.

Baba ameniita nichukue vyombo. Nyeupe.

Jumamosi, 17 Mei

Mahindi.

Sijamwambia mtu. Nimepiga pasi mashuka mpaka mkono umekufa ganzi.

Jumapili, 18 Mei

Nimepika kuku, laini kabisa. Nimempelekea Baba, nikasema naenda kuanua nguo. Kamba ya nguo inapita nyuma ya dirisha lake. Pazia lake nililishona mimi, najua ni wapi halifiki.

Nimeona. Nitaandika nilivyoona, maana nikikaa nalo kichwani nitaligeuza liwe kosa la mtu mwingine.

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikata kuku vipande vidogo vidogo. Kila kipande alikichovya kwenye glasi yake ya maji, akakisuuza, akakitazama kwenye mwanga, akakisuuza tena. Sikuelewa kwanza. Halafu nikaelewa: alinisikia nikipiga kelele juu ya vitunguu. Anamtolea Meneja vitunguu. Alimpa kipande kimoja kimoja, anapuliza kwanza, anamsemesha kwa sauti ile aliyokuwa akimsemesha Mama. Meneja anakula bila haraka, kama mtu anayejua kipo kingine. Kisha Baba akachukua mchuzi kijiko kimoja, akautia mdomoni mwake, akasubiri. Akashika kifua. Akainama, akautema kwenye kitambaa cha mkononi. Akakikunja vizuri, akakiweka mfukoni.

Vile vitambaa. Nilivyokuwa navisugua kwa furaha.

Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wahenga, na mimi ndiye mfuaji! Nimeshika suruali zake kila wiki. Nimembana kiuno mara mbili. Nikalaumu kitambaa.

Nilikuwa na vibanio vitatu mdomoni. Sikuvitoa. Nimeingia navyo ndani hadi jikoni, Wifi akavitazama, akajua. Akafunga mlango wa jikoni yeye mwenyewe.

Alijua. Alijua tangu kabla hajamcheka Meneja, tangu kabla mimi sijaenda kwa daktari! Alimkuta Baba siku moja anakabwa na mkate, akampiga mgongo mpaka ukatoka, na Baba akamshika mikono miwili, akamsihi asiniambie mimi wala Kaka. Kwa sababu tutampeleka hospitali ile ile ya Mama. Wifi akakubali. Ndiyo maana supu zile nyepesi kama maji. Akawa anamchujia, anampa kidogo kidogo, na kinachobaki kinarudi kama kilivyo.

Nikamuuliza kwa nini basi kwangu anamaliza.

Alikuwa anafuta meza, hakuniangalia. "Kwangu anabakiza kwa sababu mimi haniogopi."

Nilikuwa na kikapu cha nguo safi. Nimekirusha. Siyo kwake, ila karibu naye kiasi cha yeye kuinama. Nimemwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na akifa, damu yake iko kwenye mwiko wake. Nimemwambia amekaa akinitazama natia kufuli kwenye kabati, natia mahindi kwenye sahani, nakuwa kichekesho, na baba yangu anakauka chumba cha nyuma. Yeye akasema alijaribu mara mbili kuniambia na mara zote nilikuwa tayari nimeshashinda ugomvi. Hakulia. Ningempenda kidogo kama angelia. Akaokota nguo moja moja, akaanza kuzikunja, vibaya, kama anavyokunja siku zote. Nikazikunjua nikakunja upya.

Jumatatu, 19 Mei

Kazini. Nimemuunguzia mteja kola. Msimamizi ameniambia nina onyo la pili. Nimemwambia aweke na la tatu kabisa, aokoe muda.

Kaka ameambiwa. Ameketi. Simu imeita mikononi mwake mpaka ikakata yenyewe.

Jumanne, 20 Mei

Zamu yangu. Nimesimama mbele ya jiko sijui nipike nini. Mimi, niliyekariri kwamba ini lisizidi na kopo lisiwe na nafaka! Naweza kukuambia paka wa umri wowote ale nini na asile nini. Baba yangu ale nini, sijui.

Nimechukua kuku wa Meneja. Yule wa kuchemsha, bila chumvi, bila mafuta. Nimemsaga, nimemchuja kwa kitambaa kipya, nimempelekea katika kikombe. Safari hii nimekaa. Meneja akakaa pia, upande wa pili, tumemweka mzee kati kama polisi wawili.

Amekunywa vijiko viwili. Cha tatu kikarudi.

Nimemuuliza tangu lini. Anasema tangu Mama azikwe, ilianza na mkate. Ikaja nyama. Sasa hata viazi. Kinafika hapa — akaonyesha katikati ya kifua — kinagoma. Chai inapita. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, na sauti yangu ilikuwa juu, nilijisikia mwenyewe iko juu, na sikuweza kuishusha. Nilitaka kusema kwa upole. Ilitoka kama namdai.

Akamkuna Meneja shingoni kwanza.

"Mama yako aliingia pale kwa miguu yake, mwanangu. Na wewe umerudi nyumbani umechoka, sahani ikirudi na chakula unapigiza milango. Nikaona bora huyu ale, nawe ufurahi."

Nawe ufurahi! Nimenyanyua sahani zile kwenye taa. Nimemcheka Wifi nazo.

Nimekasirika. Naandika wazi kwa sababu hakuna mtu wa kunisomea: nimemkasirikia Baba. Kwa uoga wake, kwa kunifanya niwe mtu wa kuogopwa, kwa kumtilia paka wa Mama sumu akidhani anampenda. Nimemwambia kesho hospitali. Akasema hapana. Nikasema kesho. Akageukia ukuta. Nikatoka, na nikajikuta nimeshika kitasa, nimeshakivuta kwa nguvu zangu zote — nikaudaka mlango kabla haujagonga. Vidole vimebanwa. Vimevimba, naandikia mkono mwingine, ndiyo sababu ya mwandiko huu.

Jumatano, 21 Mei

Kaka ameomba gari la rafiki yake. Lipo nje, rafiki mwenyewe kwenye usukani. Baba amevaa suruali ya kijivu na shati la kwenda mbele za watu, amekaa kitandani, na hasogei. Kaka ameomba. Nimeomba mimi — nimeomba kwa sauti ya chini, Wifi ni shahidi, kama ana faida yoyote. Hasogei. Anasema yeye si mgonjwa, amepungua kidogo tu, kila mzee hupungua.

Wifi ndiye aliyekwenda kuchukua mizani chumbani kwangu. Hakuniomba ruhusa. Akaiweka sakafuni miguuni pa Baba, akamwambia, "Baba, panda basi utuonyeshe. Kama ni kidogo tu, hatwendi." Nimemtazama kwa jicho la kumla. Ahadi gani hiyo? Nani amempa mamlaka? Lakini Baba alisimama. Kwangu mimi hakusimama, kwake amesimama.

Amepanda na Meneja kifuani.

Nimemwambia amtue paka kwanza. Akasema paka atapimwa naye, siku zote si ndivyo ninavyofanya mimi? Amenisikia basi, kupitia ukutani, nikipanda na kushuka. Wifi amepiga magoti kusoma, kwa sababu namba ziko chini na taa ya chumba kile ni hafifu. Akasoma. Akainama zaidi, akasoma tena.

Uzito wa Meneja naujua kama jina langu. Nikatoa kichwani. Nikadhani nimekosea, nikatoa kwa vidole, vile vilivyovimba. Kila siku nabeba marobota ya mashuka mazito kuliko kilichobaki.

Nimetoka hapa koridoni, naandika kwa kusimama, maana pale ndani nitapiga kelele na nikipiga kelele atakaa. Kaka anapigiwa honi. Namsikia Wifi, bado yuko magotini, anamwambia Baba, "Haya, nipe Meneja, na unishike mkono tushuke pamoja." Namsikia Baba anauliza, "Nani atamlisha huyu nikiondoka?"

Wifi anageukia mlangoni. Ananisubiri mimi nijibu.

Kopo liko kabatini, limefungwa na kufuli. Ufunguo uko shingoni kwangu. Nimeuvua. Nimesimama mlangoni na ufunguo, Baba juu ya mizani amemkumbatia Meneja, Wifi sakafuni amenyoosha kiganja upande wangu — na siangalii mtu usoni, naangalia kile kiganja.